Mgeni Aliyesemewa: Kiswahili, Uvumi na Kometi ya 3I/ATLAS

Tarehe 1 Julai 2025 darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Río Hurtado, nchini Chile, ilinasa nukta hafifu ya mwanga iliyokuwa ikisogea mbele ya nyota. Wataalamu walipopiga hesabu ya njia yake waliona kwamba haizunguki jua letu. Ilikuwa inapita tu, kwa kasi ya takriban kilomita 61 kwa sekunde, ikitokea nje kabisa ya mfumo wetu wa jua. Ikapewa jina 3I/ATLAS. Namba 3 ni kwa kuwa kabla yake vilikuwa vimejulikana vitu viwili tu vya aina hiyo, herufi I inasimamia safari ya baina ya nyota, na ATLAS ni mradi ulioiona kwanza.

Huku kwetu Kasese na Bwera habari hiyo haikuja na hesabu. Ilikuja kwa sauti na video za kwenye simu, na ilipofika kilele chake, kati ya Oktoba na Desemba, ilikuwa imekwisha kugeuka. Kwenye simu yangu peke yake niliipokea kometi hiyo ikiwa kimondo kitakachotupiga, ikiwa chombo cha viumbe wa sayari nyingine, ikiwa siri inayofichwa na Marekani, na ikiwa dalili ya mwisho wa dunia. Nyingi za habari hizo zilikuwa kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo siamini kwamba kuzihakiki ni kazi ya mwanafizikia peke yake. Sisi tunaosoma lugha tuna sehemu yetu, kwa kuwa upotoshaji mwingi ulifanyika ndani ya sentensi, mahali ambapo darubini haifiki.

Sina ugomvi na mtu anayebuni. Binadamu akiona kitu asichokielewa atabuni, na sayansi yenyewe huanza hapo. Ninachokihakiki ni kile kilichopotea njiani, yaani vipimo vya uhakika. Mtaalamu alisema "yaweza kuwa", na ilipomfikia msikilizaji wa Bwera ikawa "ni". Nitaanza na majina tuliyoipa kometi hii, kisha vitenzi, kisha neno moja, ishara, ambalo lilibeba mzigo kuliko yote. Baada ya hapo nitawageukia wataalamu, maana nao wana lawama yao, na mwisho nitaeleza kwa nini jambo la mbali hivi linatugusa sisi wa mpakani.

Video nyingi ziliita kitu hiki kimondo. Katika Kiswahili, kimondo ni kile kinachowaka kikiingia katika anga la dunia, au jiwe linalobaki baada ya kuanguka. Kimondo cha Mbozi, kule Songwe nchini Tanzania, kimelala ardhini na mtu anaweza kukigusa. Mawe yaliyonyesha Mbale, mashariki mwa Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, yalikuwa vimondo kwa sababu yalifika. Kipande kimoja cha gramu chache kiligonga jani la mgomba, kisha kikamwangukia mvulana kichwani bila kumdhuru. Kwa hiyo ukiiita 3I/ATLAS kimondo, umekwisha kusema kwamba inakuja kuanguka, na kitenzi chako bado hakijafika. Wakati ilipotukaribia zaidi, tarehe 19 Desemba 2025, ilikuwa umbali wa takriban kilomita milioni 270. Hiyo ni karibu mara 700 ya umbali wa kutoka hapa hadi mwezini.

Jina la zamani, nyota mkia, lina kasoro yake pia, kwa sababu kometi si nyota. Ni kitonge cha barafu na vumbi ambacho hutoa gesi kikipashwa joto na jua. Hata hivyo naliheshimu jina hilo. Aliyelitunga alisema alichokiona, mwanga wenye mkia, akaishia hapo. Neno kometi halina picha hiyo, lakini nalo halitabiri. Msikilizaji akipewa mojawapo ya majina haya mawili bado ana nafasi ya kuuliza swali. Akipewa kimondo, kilichobaki ni kutafuta pa kujificha.

Jina la hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni lile zuri kuliko yote: mgeni. Nimeliweka katika anwani ya insha hii kwa makusudi. Kiswahili hugawa nomino kwa ngeli, na ngeli ya mgeni ni ya watu na viumbe wenye uhai. Ukisema kometi, kitenzi kinakuja na i-: kometi inapita, imeongeza mwendo, inatoa gesi. Ukisema mgeni, sarufi inakulazimisha ulete a-: mgeni anapita, ameongeza mwendo, anatoa gesi. Jaribu sasa kuendelea. Kwa nini ameongeza mwendo? Anamkimbia nani? Sarufi imekwisha kuipa kometi nia, na msemaji hana habari. Nilisikiliza sauti moja ya dakika sita iliyoanza na "kometi hii inapita" na kumalizika na "huyu anatuchunguza". Katikati hapakuwa na ushahidi wowote mpya. Kilichobadilika ni ngeli.

Wanaosimulia kwa Kiingereza nao walisema mgeni kwa lugha yao, lakini kwao neno hilo haliburuti kila kitenzi na kila kivumishi kinachofuata. Kwetu linaburuta. Hili si jambo la kuionea haya lugha. Ni tabia yake tu, na mwandishi wa habari za sayansi kwa Kiswahili anapaswa kuijua kama fundi anavyojua mbao zake. Anaweza kutumia "mgeni" mara moja kwa ladha, kisha akarudi kwenye "kometi" na i- yake.

Nije kwenye vitenzi. Mwezi huohuo wa Julai 2025 Avi Loeb, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala pamoja na wenzake wawili wakiuliza kama 3I/ATLAS inaweza kuwa teknolojia ya viumbe wengine. Uvumi mwingi duniani ulianzia kwenye makala hiyo. Lakini ndani yake wenyewe walieleza kwamba kwa kiasi kikubwa ni zoezi la kufikiri, na kwamba linaloelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba ni kitu cha asili, pengine kometi. Katika madarasa yetu tunalo neno la kazi ya namna hii: nadharia tete. Nalipenda neno hilo kwa sababu ya sehemu yake ya pili. Kitu tete hushikwa kwa uangalifu. Kwenye video, utete ule uliondolewa, ikabaki nadharia, na punde nadharia nayo ikawa habari: profesa wa Harvard amegundua.

Kiswahili hakikosi njia za kusema nusu ya uhakika. Tuna labda, huenda, pengine na yamkini. Tuna -nge- na -ngali-. Tuna eti, neno fupi ambalo peke yake linamwonya msikilizaji kwamba msemaji hataki kubeba dhamana. Bibi anayesimulia umbea hapa Bwera hutumia eti kwa usahihi kuliko watangazaji wengi. Kinyume chake, maneno yaliyotawala katika habari za kometi yalikuwa "imethibitika", "wanasayansi washangazwa" na, kuliko yote, "inasemekana". Hili la mwisho lina hila yake. Linafanana na tahadhari, lakini linamficha msemaji. Imesemwa na nani, lini, akiwa ameangalia kwa chombo gani? "Inasemekana" hufunga mlango wa maswali hayo matatu kwa neno moja.

Tazama jinsi wataalamu wenyewe walivyokuwa wakisema juu ya ukubwa. Makadirio ya mwanzo kabisa yalifika hadi kilomita 20. Kisha darubini ya Hubble ikaipiga picha tarehe 21 Julai, na jibu likawa hivi: kiini cha kometi hakipungui mita 440 na hakizidi kilomita 5.6. Jibu hilo linamwudhi mtu anayetaka namba moja. Lakini ni jibu la heshima, maana linasema tunajua mpaka hapa na hatujui kuanzia hapa. Sauti nilizozipokea baada ya hapo bado zilikuwa na kilomita 20, na mwezi Oktoba nilikuta moja iliyoifananisha na jiji zima. Makadirio yaliposhuka, uvumi haukushuka nayo. Huu ndio mtihani mwepesi wa kutofautisha mambo hayo mawili. Uchunguzi hubadilika ukipata kipimo kipya, na uvumi huchagua kipimo unachokipenda ukakaa nacho.

Suala la nikeli linaonyesha jambo lilelile. Darubini kubwa za Chile ziliona mvuke wa nikeli katika gesi ya 3I/ATLAS wakati mvuke wa chuma ulikuwa bado hauonekani. Uvumi ukasema nikeli bila chuma hutoka kiwandani, na kwa hiyo tuna mbele yetu chombo kilichotengenezwa. Kumbe mvuke wa nikeli ulikwisha kuonekana katika 2I/Borisov, kometi iliyogunduliwa mwaka 2019 na Gennadiy Borisov kwa darubini aliyoiunda mwenyewe, na umeonekana pia katika kometi za hapahapa kwenye mfumo wetu wa jua. Mtu wa Kasese angepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na hoja hii. Tumekulia karibu na Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kutoka mwambani, na mabaki ya mgodi huo ndiyo yaliyotolewa kobalti baadaye. Tunajua kwamba metali hukaa ndani ya jiwe miaka mingi sana kabla mtu hajajenga kiwanda cha kuitoa.

Sasa neno ishara. Tarehe 24 Oktoba 2025 darubini ya redio ya MeerKAT, iliyoko katika nyika kavu ya Karoo nchini Afrika Kusini, ilipata kitu kutoka upande wa 3I/ATLAS. MeerKAT ni sahani 64, kila moja ina upana wa mita 13.5, na zote hufanya kazi pamoja kama sikio moja. Kilichopatikana kilikuwa katika masafa ya megahezi 1665 na 1667, ambayo yanajulikana tangu zamani kuwa ni ya hidroksili. Hidroksili ni kipande kinachobaki wakati mwanga wa jua unapoivunja molekuli ya maji. Na hakikuwa mlio. Kilikuwa pengo. Hidroksili iliyoizunguka kometi ilifyonza sehemu ya mawimbi ya redio yaliyokuwa yakipita, ikaacha upungufu mahali palepale panapotarajiwa. Mtu akisimama mbele ya taa, ukutani unaona kivuli chake, na kivuli hakijasema neno.

Vyombo vya Kiingereza vilitumia neno lao la kawaida la mawimbi ya redio, ambalo fundi hulitumia hata kwa simu isiyoshika mtandao. Tafsiri ya Kiswahili ikawa ishara. Katika Kiswahili, ishara hutolewa na mtu kwa mtu. Ni mkono unaopungwa, ni jicho linalokonyezwa, ni taa ya gari inayowashwa kabla ya kukata kona. Na katika mahubiri ya dini zetu zote, ishara hutoka juu, tena huja kwa ajili ya watu wa chini. Sentensi "Kometi imetoa ishara ya redio" ilikuwa imekwisha kusema mambo mawili ambayo MeerKAT haikuyaona: kwamba yuko aliyetuma, na kwamba tuliotumiwa ni sisi. Mfasiri hakudanganya. Kamusi ingemtetea. Hata hivyo tungeweza kusema "alama ya hidroksili", au "kivuli cha redio", au kwa urefu zaidi, "darubini imeona dalili za maji". Mfasiri angechagua lolote kati ya hayo, uvumi ungekosa mguu wa kusimamia.

Kinachoniuma ni kwamba hii ilikuwa habari nzuri ya Afrika. Chombo kilichojengwa barani mwetu kilipata moja ya dalili muhimu kwamba 3I/ATLAS inafanya kile ambacho kometi hufanya ikikaribia jua, yaani kutoa maji. Ilipofika kwetu ilikuwa imekwisha kuvishwa nguo za hadithi ya viumbe wa ajabu. Desemba darubini ya Green Bank ya Marekani iliielekea kometi ikitafuta hasa mawimbi yaliyotengenezwa na teknolojia, na haikuyapata. Habari ya kutopata sikuisikia kwa Kiswahili hata mara moja.

Si haki, hata hivyo, kuwaachia wavumishaji mzigo wote. Tarehe 3 Oktoba kometi ilipita takriban kilomita milioni 30 kutoka Mirihi, na vyombo vinavyoizunguka sayari hiyo vilikuwa na nafasi ya kuitazama. Shirika la anga la Ulaya lilitoa picha zake baada ya siku chache. Chombo cha NASA chenye kamera ya HiRISE nacho kilipiga picha, lakini serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha shughuli zake nyingi kuanzia tarehe 1 Oktoba kwa kukosa bajeti, na hali hiyo ikadumu siku 43. Picha zikatolewa tarehe 19 Novemba. Kwa mtu anayefuatilia siasa za Washington sababu inaeleweka. Kwa msikilizaji wa Kasese aliyeambiwa kwamba picha zipo na hazitolewi, maelezo yaliyokuwa karibu yalikuwa moja tu: zinafichwa. Katika kipindi hichohicho, mwishoni mwa Oktoba, Kim Kardashian aliuliza hadharani kuhusu kometi hiyo, na kaimu mkuu wa NASA wa wakati huo, Sean Duffy, akamjibu kwamba haina hatari wala hakuna viumbe wengine. Mtu mashuhuri alijibiwa upesi. Sisi wengine tulisubiri picha.

Kuna ukimya mwingine unaotuhusu zaidi. Maelezo ya kitaalamu niliyoyasoma nilipokuwa nikiandaa insha hii yote yalikuwa kwa Kiingereza. Uvumi ulikuja kwa Kiswahili, kwa sauti nzuri, na muziki nyuma yake. Katika mashindano ya namna hiyo matokeo yanajulikana mapema. Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kubebea elimu ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikaitwa Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima. Lugha iliyokipa chombo jina haiwezi kushindwa kueleza chombo hicho kiliona nini. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuandika.

Msomaji anaweza kuniuliza, haya yote yana madhara gani? Kometi imepita, hakuna aliyekufa, watu wamefurahia hadithi. Wapo pia watakaonirushia methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ina kazi yake. Katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, neno linalorudiwa mara nyingi huwa na mzizi. Lakini lilitungwa kwa ajili ya mambo ambayo msemaji angeweza kuwa ameyaona. Hakuna aliyeiona 3I/ATLAS kwa macho matupu, hapa wala kwingine. Ilikuwa hafifu mno hata wakati wa mwanga wake mkubwa. Wale waliokuwa wakinyoosha kidole alfajiri za Oktoba kuelekea mashariki walikuwa wakiionyesha Zuhura.

Jibu zuri kuliko langu nililipata kwa mama mmoja Mkongo anayevuka kutoka Kasindi kuja kuuza vitenge sokoni Mpondwe. Alikuwa amesikia kwamba nyota inakuja. Aliposikia nasoma chuo akaniuliza, kwa Kiswahili cha upande wake:

"Mutoto yangu, ile nyota inakuya kutupiga, ni kweli?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Inapita mbali sana, hata kwa macho haionekani."

Akatulia kidogo, akakunja kitenge alichokuwa amekishika. "Sasa, kama haionekani, hawa wanaosema, ni nani aliionaka?"

Mfanyabiashara wa mpakani hawezi kuishi bila swali hilo. Akiambiwa barabara ya Beni imefungwa, au bei ya kahawa imepanda Kasese, huuliza nani ameona, na lini. Akilipuuza, anapoteza mtaji. Mama yule hakuhitaji fizikia ili kuhakiki habari ya kometi. Alihitaji tu kuruhusiwa kuipima kwa kipimo anachokitumia kila siku ya soko, na video hazikumpa ruhusa hiyo, kwa kuwa zilianza na "wanasayansi wamethibitisha".

Na huku mpakani tumekwisha kuona gharama ya kukosa kipimo hicho. Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini. Ulipomalizika Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, wakati ambapo watu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo ni uzushi au biashara ya wakubwa. Juni 2019 Ebola ikavuka hadi wilaya yetu ya Kasese. Nilikuwa sekondari. Tulinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso, na nilisikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema kwamba kifaa kile cha kupimia ndicho kinacholeta homa. Sentensi zao zilijengwa kama zile za kometi: inasemekana, imethibitika, wanatuficha. Hazikuhitaji kujengwa upya mwaka 2025. Zilikuwepo, zikabadilishwa jina la kitu.

Hata hivyo siwezi kuwacheka wanaoamini. Yale mawe ya Mbale ya mwaka 1992, baadhi ya watu waliyasaga wakayala wakiamini ni dawa ya UKIMWI iliyoteremshwa na Mungu. Leo mtu anaweza kusimulia kisa hicho kwa kicheko. Lakini mwaka ule mwananchi wa kawaida hakuwa na dawa ya kufubaza virusi, na kila ukoo ulikuwa na kaburi jipya. Jiwe lililoanguka kutoka mbinguni lilikuta watu wanaosubiri kitu. Vivyo hivyo, anayesikiliza habari za mwisho wa dunia katika mji ambao Mto Nyamwamba umeufurika mara kadhaa, karibu na mpaka ambao vita haviko mbali, si mjinga. Ana sababu zake za kudhani kwamba jambo kubwa laja. Mhakiki anayemdharau hatasikilizwa, na atastahili kutosikilizwa.

Ndiyo maana pendekezo langu ni dogo na ni la darasani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto watakaokisoma watajifunza ngeli, nyakati na vitenzi kwa mifano. Naomba baadhi ya mifano hiyo itoke katika habari za namna hii. Mpe mwanafunzi sentensi "Kometi imetoa ishara" na umwombe aandike sentensi tatu zinazosema kile tu ambacho darubini iliona. Mpe "mgeni anapita" na "kometi inapita" umwulize kimebadilika nini. Mpe "inasemekana" umwambie atafute aliyesema, siku aliyosema na chombo alichotumia. Akishindwa kumpata, afute sentensi au aweke eti mbele yake. Atakuwa amejifunza sarufi, na siku ugonjwa mwingine utakapovuka mto atakuwa na kitu mkononi.

3I/ATLAS inaondoka. Machi 2026 njia yake inaipitisha takriban kilomita milioni 54 kutoka Mshtarii, kisha itaendelea nje na haitarudi tena. Lakini katika milima ya Chile darubini mpya ya Vera Rubin ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na wataalamu wanatarajia itaona vitu vingi zaidi vya aina hii. 4I itakuja, pengine kabla wanafunzi wa darasa la saba wa leo hawajamaliza sekondari. Tunao muda wa kuandaa maneno yake.